Kuruka si kazi, kazi ni kutua: ndege zisizo na rubani katika anga ya Malawi

Mwezi Machi 2016, ndege ndogo isiyo na rubani iliondoka katika kituo cha afya cha mtaani jijini Lilongwe, ikaruka kilomita 10 na kutua penye maabara ya Hospitali Kuu ya Kamuzu. Ilibeba sampuli za majaribio tu, si damu ya mtoto yeyote, lakini jambo lililokuwa likijaribiwa halikuwa mchezo. Kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, wakati huo sampuli ya damu ya mtoto mchanga anayepimwa virusi vya Ukimwi ilichukua wastani wa siku 11 kufika maabara kwa barabara, na majibu yaliweza kuchukua hadi wiki nane kumrudia mama. Mtoto aliyeambukizwa akikosa dawa, uwezekano wa kufariki kabla ya kutimiza miaka miwili ni karibu nusu kwa nusu.

Wasomaji walioko Dzaleka, au waliowahi kuishi huko, hawahitaji kuelezwa maana ya kungojea usafiri. Wengi wanaijua Old Town, yaani mji mkongwe wa Lilongwe, kwa soko lake na kituo chake cha mabasi, na wanajua pia kwamba zile kilomita arobaini na kitu kutoka kambini zinaweza kumla mtu siku nzima. Ndege isiyojali matope wala foleni ni wazo linaloeleweka mara moja. Kisichoonekana katika picha za ndege hizi, ambazo karibu zote huonyesha chombo kikipaa huku watoto wakikodoa macho, ni dakika mbili za mwisho za safari. Hapo ndipo mzigo hufika au haufiki.

Ndege iliyojaribiwa Lilongwe mwaka 2016 ilikuwa ya pangaboi kadhaa, aina inayopaa na kutua wimawima kama helikopta. Kutua kwake ni kwepesi: inaning’inia hewani, inashuka polepole, inagusa chini. Gharama yake iko kwenye betri, maana pangaboi hufanya kazi muda wote kuizuia isianguke, kwa hiyo safari huwa fupi. Ndege yenye mabawa hubebwa na hewa inayopita juu na chini ya bawa, na kwa betri ileile huenda mbali zaidi. Lakini bawa lina sharti moja lisilojadiliwa: lazima liende mbele. Likipungukiwa na kasi, huacha kubeba, na ndege hudondoka kama embe lililoiva. Kutua kwa ndege ya mabawa, basi, ni kupunguza kasi hadi karibu kabisa na kiwango hicho cha hatari, bila kukivuka, mpaka magurudumu au tumbo liguse ardhi.

Malawi iliamua mapema kujifunza hayo yote mawili. Tarehe 29 Juni 2017, serikali na UNICEF walizindua ukanda maalumu wa anga wilayani Kasungu, kaskazini mwa Lilongwe, kitovu chake kikiwa uwanja mdogo wa ndege wa wilaya hiyo. Ndani yake vyombo viliruhusiwa kufika umbali wa kilomita 40 na kimo cha mita 400 juu ya ardhi. (Kasungu ndiko alikokulia William Kamkwamba, yule kijana aliyejenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu, wilaya hiyo ina historia yake na mambo ya upepo.) Mwezi Januari 2020 kikafunguliwa Lilongwe chuo cha ndege zisizo na rubani na takwimu kwa ajili ya vijana wa Afrika, kwa mtaala wa Chuo Kikuu cha Virginia Tech cha Marekani. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 26, wa Malawi na wa nchi nyingine za bara hili. Miongoni mwa vyombo vilivyobuniwa na Virginia Tech na kuundwa Malawi ni ndege ya mabawa iitwayo EcoSoar, inayoungwa kwa mbao za povu na vipande vilivyochapwa kwa printa ya 3D, ili ikivunjika ifundike papo hapo.

Na huvunjika. Ndege ya povu iliyotua vibaya hupasuka bawa, ikagundishwa, ikarudi hewani. Sampuli iliyokuwa ndani hairekebishiki kwa gundi.

Maandalizi ya chini

Rubani mzoefu huanza kutua kabla hajaruka. Jambo la kwanza ni kitovu cha uzito. Ndege huinuliwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipowekwa alama, kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikitulia sawasawa, au pua ikiinama kidogo, ni salama. Ikiinama mkia, haifai kurushwa: itapaa, lakini kasi ikipungua wakati wa kutua pua itainuka yenyewe, bawa litaacha kubeba, na hakuna mkono wa kuiokoa. Marekebisho mara nyingi ni kusogeza betri mbele sentimita moja au mbili. Kwa sababu hiyohiyo sanduku la mzigo huwekwa pale pale penye kitovu, ili ndege iruke vilevile ikiwa na mzigo au tupu.

Kisha vibawa vinavyochezacheza. Rubani husimama nyuma ya ndege, anasukuma rimoti kulia, na kutazama: kibawa cha upande wa kulia kiinuke, cha kushoto kishuke. Ni jambo la sekunde tano, na bado ndege nyingi zimeangamia kwa sababu fundi aliunganisha waya kinyume na hakuna aliyetazama. Baadaye huja jaribio la mawimbi. Nguvu ya rimoti hupunguzwa kwa makusudi, rubani hurudi nyuma hatua kadhaa huku mwenzake akishika ndege, na vibawa lazima viendelee kutii bila kutetemeka. Mwisho, rimoti huzimwa kabisa ili kuona ndege itafanya nini ikipoteza mawasiliano. Injini ikiendelea kunguruma kwa nguvu, safari inaahirishwa.

Hewa nyepesi ya nyanda za juu

Hapa Malawi inaongeza ugumu wake. Uwanja wa Kasungu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa kimataifa wa Kamuzu, ambao msafiri wa kutoka Dzaleka hupita njia panda yake huko Lumbadzi, uko kwenye mita 1,200 na ziada. Kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua uzito, na joto huipunguza zaidi. Siku yenye nyuzi joto 30, hewa ya Lilongwe ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam yenye joto hilohilo kwa takriban asilimia 14. Bawa lililozoea kubebwa na hewa nzito ya pwani sasa linahitaji kasi kubwa zaidi, kama asilimia 7 au 8 hivi. Ni kidogo kwa kusikia. Lakini nguvu ya kishindo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo ardhi hulazimika kumeza kishindo kikubwa zaidi kwa karibu asilimia 16, na njia ya kutulia lazima iwe ndefu zaidi.

Ndege kubwa za abiria zina vipimo vinavyomwambia rubani kasi yake dhidi ya hewa. Rubani aliyesimama chini na rimoti mkononi ana macho yake tu, na macho hupima kasi dhidi ya ardhi, si dhidi ya hewa. Mtu aliyejifunza pwani akitua Kasungu ataona ndege yake inakuja mbio kuliko kawaida, atapunguza moto ili ionekane kama alivyozoea, na kwa kitendo hicho ataiangusha.

Upepo huwatega marubani kwa namna hiyohiyo. Tuseme ndege huacha kubebwa ikishuka chini ya kilomita 40 kwa saa. Inaruka kwa kilomita 50, na upepo wa kilomita 20 unaisukuma kutoka nyuma. Machoni pa rubani inakwenda 70, kasi ya kutisha. Anapunguza mpaka ionekane inakwenda 55. Kasi yake halisi katika hewa sasa ni 35, na ndege inaanguka huku mwenyewe akiapa kwamba ilikuwa inakimbia. Ndiyo sababu ndege hutua ikiukabili upepo, ule ambao mabaharia wa pwani huuita wa omo, unaokuja usoni: kasi dhidi ya hewa inabaki kubwa, kasi dhidi ya ardhi inakuwa ndogo. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo mkuu wa Malawi ni wa kusini-mashariki, na wavuvi wa Ziwa Malawi huuita mwera. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, hatari hugeuka kuwa kisulisuli cha vumbi cha saa za mchana. Wanaorusha ndege katika miezi hiyo hupenda asubuhi na mapema.

Dakika mbili

Kutua kwenyewe huanza mbali na uwanja. Ndege hupita sambamba na njia ya kutulia, ikisukumwa na upepo, hugeuka mara moja, halafu mara ya pili ili kuukabili upepo. Kuanzia hapo rubani hutumia mikono yake kinyume na mtu asiyejua anavyodhani. Pua ya ndege ndiyo inayotawala kasi, na nguvu ya injini ndiyo inayotawala kushuka. Anayeona anashuka upesi mno akavuta pua juu bila kuongeza moto, atashuka upesi zaidi.

Kuna tatizo jingine ambalo rubani aliye ndani ya ndege halijui. Ndege inapomjia aliyesimama chini, kulia kwake huwa kushoto kwa ndege, na akili hupotea kwa nusu sekunde inayotosha kuharibu kila kitu. Walimu hufundisha kuacha kufikiria kulia na kushoto: tazama ni bawa gani limeinama, kisha sukuma rimoti upande huohuo, kana kwamba unaliegemeza.

Wapenzi wa ndege kubwa za jeti za mfano, mchezo wenye mashabiki wengi Ulaya na Marekani, huongeza onyo lao. Ndege hizo zina urefu wa mita mbili au zaidi na injini halisi, ndogo, inayochoma mafuta ya taa yaliyotiwa oili kidogo, ikizunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Injini kama hiyo haiitiki papo hapo. Kutoka mzunguko wa chini hadi nguvu kamili hupita sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo ndege imeshuka mita nyingi. Kwa hiyo uamuzi wa kughairi kutua na kuzunguka upya lazima ufanywe mapema, ndege ikiwa bado juu. Injini ya umeme huitika haraka, lakini nayo hudai betri iliyobaki, na rubani anayerudi na betri tupu amejinyima nafasi ya pili.

Kama mita moja juu ya ardhi, pua huinuliwa kidogo, ndege huelea, kasi hufa, na chombo huketi.

Wengine wameamua kulikwepa tatizo hili. Rwanda, tangu Oktoba 2016, ndege za kampuni ya Zipline hazitui hospitalini kabisa: hudondosha damu kwa parachuti ya karatasi na kurudi kituoni Muhanga, ambako miaka michache baadaye zilianza kunaswa hewani kwa kamba inayodaka ndoano ya mkiani. Tanzania, mwaka 2018, ndege aina ya Wingcopter ilipeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Pangaboi zake hugeuka, zikiipaisha na kuitua wimawima, kisha kuisukuma mbele kama ndege ya mabawa. Gharama ni mashine ngumu zaidi isiyoundika kwa povu na gundi. Vyombo vingi sasa hutua kwa kompyuta, lakini setilaiti inaweza kukosea kimo kwa mita kadhaa, na mita moja ndiyo yote iliyobaki. Mkono wa rubani bado huwa karibu na rimoti.

Kila njia kati ya hizi inadai kitu ambacho Dzaleka ina uhaba nacho kuliko teknolojia. Kambi hiyo, gereza la zamani lililogeuzwa makazi ya wakimbizi mwaka 1994, ilipangiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa wanaishi zaidi ya 50,000. Ndege ya povu inahitaji ukanda mtupu wa makumi ya mita, usiokatizwa na nyumba, mahindi wala watoto wanaokimbilia kuona. Ya wimawima inahitaji ua mmoja uliozungushiwa kamba. Zote zinahitaji kibali cha mamlaka ya anga, hasa karibu na uwanja mkubwa wa ndege.

Ndege ikishatua, mtu haikimbilii. Rubani husubiri pangaboi zisimame, huchomoa betri kwanza, ndipo hufungua sanduku la mzigo. Kisha huandika daftarini: saa, upepo, betri iliyobaki, na namna ilivyogusa chini.