Mjukuu Naye Aambiwe

Bibi mwenye saratani ya umio, ile njia ya chakula, huanza kuacha ugali, kisha wali, mwisho hata uji unapita kwa shida. Wakubwa hunong'ona jikoni. Mtoto akiingia, mazungumzo yanageuka ya bei ya mkaa. Wanadhani wamemficha. Mwenzao ameshaona sahani zinazorudi zimejaa na khanga inayomzunguka bibi mara mbili. Asichokijua ni sababu, na hiyo ataitunga mwenyewe.

Sisi wa tiba shufaa, tunaohudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, tunaijua sababu anayoitunga. Watoto wa miaka minne hadi saba mara nyingi huamini kwamba wazo au neno lao laweza kuleta jambo. Alikataa kutumwa dukani, bibi akanung'unika, wiki iliyofuata akalazwa: basi ni yeye. Kwa hiyo aanze kuambiwa kwamba si yeye aliyemletea bibi ugonjwa, na kwamba saratani haimwambukizi hata akilala kitandani kwa bibi.

Kisha aambiwe bibi atakufa. Ndiyo, kwa neno hilohilo. Anayeambiwa bibi "atalala moja kwa moja" huweza kuanza kuogopa kitanda chake mwenyewe. Habari za Mungu na pepo zifuate baadaye, kwa imani ya nyumba. Wa chini ya miaka mitano atauliza tena kesho bibi atarudi lini. Kwake kifo bado ni safari. Wa miaka tisa ameshaelewa, na swali lake huwa lingine: mama naye je?

Morfini ya kunywa, ambayo Dk. Anne Merriman alianza kuitumia Uganda mwaka 1993, imewawezesha wagonjwa wengi kuuguziwa nyumbani, mbele ya wajukuu. Mtoto aelezwe kwamba dawa hii inatuliza maumivu, haiponyi, na siku za mwanzo bibi atasinzia zaidi.

Utani wao usikatazwe. Bibi aliyekuwa akimwita "mume wangu" bado anamhitaji mume huyo, na kumnyima kisa anaumwa ni kumzika kabla ya siku zake. Akipenda, apewe kazi: kumlowesha midomo kwa pamba yenye maji, kumfukuzia nzi. Akitoka hapo akakimbilia mpira, msimwite hana huruma; watoto huhuzunika kidogokidogo, huku wakicheza. Mwalimu wake ajulishwe pia, asije akamchapa kwa alama zilizoshuka.