Ukipanda Rwenzori, Yasikilize Majina

Njia ya kuizunguka milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, huchukua siku saba kwa mtu mwenye mapafu ya kawaida. Huanzia Nyakalengija, kijiji kilichoko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ikafuata mto Mubuku, ikauacha na kushika bonde la Bujuku, ikapenya mianzi na vinamasi, ikapita katikati ya vilele vyenye barafu, kisha ikaurudia Mubuku na kuteremka nao hadi pale pale ilipoanzia. Wageni huisifu kwa matope yake na kwa mimea yake ya ajabu. Mimi niliipita mwaka 2019, na ningependa kuizungumzia kwa sababu ambayo wauzaji wa safari hawaitaji, nayo ni majina ya mahali. Lau ingekuwa karibu na chuo chetu, ningewapeleka huko wanafunzi wangu wa isimu kila mwaka badala ya kuwachosha kwa ubao na chaki.

Msomaji na anifuate kwa utaratibu. Siku ya kwanza mtu huvuka mto Mahoma na kulala Nyabitaba. Siku ya pili hupita chini ya mwamba wa Kicucu, ambao wawindaji walikuwa wakijikinga mvua hapo, kisha akafika Nyamileju. Jina hili la mwisho husemekana kuwa na maana ya mahali penye ndevu, na ukitazama juu utaona mara moja kwa nini: kila tawi la mti limening'iniza nyuzi za kijivu, ndefu na nyororo, kama kidevu cha mzee. Mwalimu wa Kiswahili asilipite neno hili upesi. Hiyo -leju ni ndugu wa -devu yetu katika ndevu na kidevu, na ni ndugu wa nderu ya Wakikuyu. Nilikuwa nimetembea siku mbili nikihangaika kutafuta neno la Kiswahili la kuuita ule mmea, kumbe Wakonzo walikwisha kuutatua ugumu huo zamani, na kwa mzizi tulio nao hata sisi.

Yanafuata Bigo, kinamasi ambacho zamani kilimeza mtu hadi magotini na sasa kimetandikwa mbao; kisha ziwa Bujuku; na ng'ambo ya pili ya milima, maziwa ya Kitandara, kivuli cha mwamba cha Kabamba, na Bujongolo. Yote ni majina ya wenyeji.

Sasa mtu ainue macho. Milima mikubwa ya Rwenzori ni sita, nayo inaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,109, ni Margherita, na jirani yake ni Alexandra. Kibanda cha kulala wapandaji kilichoko zaidi ya mita 4,500 ni Elena. Pengo la kwanza la kuvukia ni Scott Elliot na la pili ni Freshfield. Ni kana kwamba mahali fulani juu ya mianzi upo mpaka usioonekana, ambapo Wakonzo waliacha kusema na Wazungu wakaanza.

Mpaka huo una tarehe. Mwaka 1906 Luigi Amedeo wa Savoia, Mtawala wa Abruzzi na mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliweka kambi Bujongolo, na tarehe 18 Juni akawa mtu wa kwanza anayejulikana kusimama juu ya Margherita. Mizigo ya kufika huko ilibebwa na Wakonzo. Margherita alikuwa malkia wa Italia, Alexandra wa Uingereza, na Elena wa Italia tena. Speke alipita mbali sana upande wa mashariki. Baker na Gessi sifa yao ilikuwa ziwa Albert. Stanley aliiona milima kutoka chini, na Emin alijaribu kidogo akarudi. Hakuna hata mmoja wao aliyefika juu ya mlima uitwao kwa jina lake. Malkia hata sidhani walihitaji kuambiwa ulipo.

Katika njia nzima nilikuta kibanda kimoja tu chenye jina la Mkonzo, John Matte, ambaye kwa miaka mingi aliwaandalia wageni wapagazi na waongozaji.

Aghalabu hapa ndipo makala ya aina hii hupandisha sauti na kudai majina yote yafutwe kesho asubuhi. Nitaomba subira, kwa maana jambo lenyewe si jepesi hivyo. Kabla ya Mtawala wa Abruzzi, wasafiri waliotangulia walikuwa wameandika majina ya wenyeji kama Kiyanja na Duwoni. Shida yao ni kwamba hawakukubaliana ni kilele kipi hasa kilichokuwa kikiitwa hivyo. Wakalaumu wapagazi kwa kutojua nchi yao. Mimi ninalaumu swali. Mpima ramani huelekeza kidole kwenye ncha ya mwamba na kuuliza, ile inaitwaje? Swali hilo huchukulia kuwa kila ncha ni kitu kimoja chenye kustahili jina, kwa kuwa yeye anataka kuipima na kuipanda. Mwindaji hakuwa na haja hiyo. Alihitaji jina la mto wa kuvuka, la bonde lenye wanyama, la mwamba wa kulala chini yake mvua inaponyesha, na huko mvua hunyesha kweli kweli. Vitu hivyo akavipa majina, na majina yakadumu hata kwenye ramani ya mgeni.

Mwongozaji wetu alinifundisha jambo hili bila kukusudia. Tulikuwa tukizungumza Kiswahili, yeye akiwa na kile cha Kongo alichokiokota katika biashara za mpakani Mpondwe, mimi na changu cha darasani, na ni lazima nikiri kuwa chake kilikuwa kikifanya kazi vizuri zaidi katika baridi ile. Nilimuuliza jina la kilele kilichokuwa mbele yetu. Akanipa lile la ramani. Nikamuuliza babu yake alikiitaje. Akacheka, akasema babu yake hakuwa na shughuli yoyote huko. Huko ni kwa Kitasamba. Kitasamba, katika imani ya Wakonzo, ndiye mwenye milima hiyo, na makao yake ni katika theluji. Nyumba ya mwenyewe hainadiwi chumba kwa chumba na wapita njia.

Theluji yenyewe, hata hivyo, walikuwa na neno lake: nzururu. Hili si jambo dogo hata kidogo, na ili kulipima tujitazame sisi Waswahili. Lugha yetu ililelewa baharini. Ina kusi na kaskazi, ina bamvua, ina maji kujaa na maji kupwa. Lakini theluji ilitujia kutoka kwa Waarabu na barafu kutoka Uajemi kwa njia ya Wahindi. Barafuto, ule mto mgumu wa barafu unaosogea polepole mlimani, ni neno lililoundwa juzi kwa kubandika barafu na mto. Mwaka 1848 mmishenari Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake alikuwa na neno moja tu la kuuita, nalo ni baridi. Mwezi wa Mei 1888, Stanley alipokuwa karibu na ziwa Albert, kijana aliyefuatana naye alimwonyesha mlima wa mbali akisema kuwa ulisemekana umefunikwa na chumvi. Mmoja alitaja namna kitu kinavyougusa mwili, mwingine alitaja kitu cheupe alichokijua. Mimi si miongoni mwa wanaodai kwamba asiye na neno hawezi kuona. Wote wawili waliona vizuri sana. Walichokosa ni njia ya kumfikishia mtu mwingine habari bila kuikosea.

Wakonzo hawakukosa. Kutokana na nzururu wakapata Rwenzururu, penye theluji, na kutokana na matamshi ambayo masikio ya Stanley yaliyapokea tukapata Ruwenzori katika vitabu vyake na Rwenzori katika ramani za leo. Vijitabu vya watalii hupenda kutafsiri jina hili kuwa mleta mvua. Ningewashauri wanafunzi waichukue tafsiri hiyo kwa hadhari. Ushahidi wangu ni wa kisiasa. Mwaka 1962 Wakonzo na Waamba walipojitenga na ufalme wa Toro, chini ya Isaya Mukirane, nchi waliyoitangaza waliiita Rwenzururu. Ufalme wa jina hilo hilo ulitambuliwa na serikali ya Uganda mwaka 2009. Watu waishio kilomita chache kutoka mstari wa Ikweta walipigania utawala wao kwa jina la theluji.

Turudi kwenye kufuta majina. Jambo hilo limewahi kufanywa katika eneo hilo hilo. Upande wa Kongo, mlima Stanley huitwa Ngaliema. Ngaliema alikuwa mtawala wa Wateke kando ya mto Kongo, mahali ulipo mji wa Kinshasa sasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Rwenzori, na sifa yake katika vitabu ni kwamba alijadiliana na huyo huyo Stanley. Mgeni mmoja ametolewa, akaingizwa mgeni mwingine. Mnanande wa Beni, ambaye lugha yake na ya Wakonzo zinaelewana kama ndugu wa mama mmoja, hakuulizwa kitu. Mwaka 1973 ziwa Edward likawa ziwa Idi Amin Dada na ziwa Albert likawa ziwa Mobutu Sese Seko. Wenye majina walipoanguka, majina yakaanguka nao. Wala tusiwacheke majirani. Vilele vya mlima Kenya, Batian, Nelion na Lenana, vilipewa majina ya laiboni wa Kimaasai na Mwingereza Mackinder mwaka 1899, nasi tunayatamka kwa fahari bila kuuliza Wakikuyu, Wameru na Waembu waliokuwa miguuni pa mlima waliulizwa nini.

Kwa hiyo mimi sipiganii vibao vipya vya chuma. Ninachohofia ni kingine. Mwaka 1906 Rwenzori ilikuwa na barafuto 43 zenye majina, zilizotapakaa juu ya milima yote sita, na eneo lake lilikadiriwa kuwa kilomita mraba 7.5. Kufikia mwaka 2005 zilibaki kama kilomita mraba 1.5, nazo zilikuwa juu ya milima mitatu tu: Stanley, Speke na Baker. Kuyeyuka hakujakoma tangu wakati huo. Karibu na Elena mwongozaji alinionyesha kwa fimbo barafu ilipokuwa ikiishia alipoanza kazi hii. Palikuwa na mwamba mtupu, mweusi, unaotiririka maji. Nikamuuliza pale panaitwaje. Akanitajia jina la barafuto.

Majina ya malkia yatasalimika, kwa sababu yamechapishwa. Neno nzururu nalo labda litasalimika katika jina la ufalme. Lakini majina madogo, ya mapango na vivuko na mabonde ya pembeni yasiyopitwa na njia ya watalii, yamo vinywani mwa wazee waliowinda kabla ya mwaka 1991, Rwenzori ilipofanywa hifadhi ya taifa na uwindaji ukakatazwa. Anayezuiwa kulala katika pango hana sababu ya kumfundisha mwanawe jina lake. Vijana hufuata njia moja, ile ya vibanda, na hujua majina yaliyoko juu ya njia hiyo. Mwalimu wa sekondari aliye karibu na mlima wowote, uwe Elgon, Aberdare au milima ya Taita, aweza kulifanya jaribio hili kwa gharama ya madaftari tu: awatume wanafunzi kwa babu na nyanya zao, na awakataze kuuliza ile inaitwaje. Waulize mlilala wapi, mlivukia wapi, mlichota maji wapi.

Nilifanya hivyo jioni ya mwisho Nyakalengija. Mzee mmoja, baba wa mpagazi wetu, alianza kutaja miamba ya kulala kuanzia Mubuku kuelekea upande wa Kongo, kwa mpango, kama mtu ahesabuye vituo vya basi, huku mwanawe akinitafsiria. Mwanawe mwenyewe alisimama mara kadhaa kumwuliza baba yake ni wapi huko. Niliandika kurasa nne. Ni baada ya kurudi kitandani nilipogundua kuwa nimeandika irabu na konsonanti tu. Kikonzo ni lugha ya toni. Jina lisilo na toni ni nusu ya jina, na mimi ninayefundisha somo hilo nilikuwa nimeliacha nje kwa haraka na uchovu. Nilitoka nje na tochi, lakini mzee alikuwa amekwisha kwenda zake, na asubuhi gari letu liliondoka saa kumi na mbili.