Krismasi ya 2020: kulegeza masharti au kusubiri wiki 7?

Jumamosi ya tarehe 19 Desemba 2020, Waziri Mkuu wa Uingereza Boris Johnson alitangaza kwamba London na sehemu kubwa ya kusini-mashariki na mashariki mwa England zinaingia ngazi ya 4 ya masharti ya korona usiku huohuo. Ndani ya maeneo hayo hakukuwa na kukaribisha wageni Krismasi. Kwingineko England, ruhusa ya siku 5 iliyoahidiwa mwezi mmoja nyuma ilikatwa ikabaki siku moja, tarehe 25. Jioni ile kituo cha treni cha St Pancras kilifurika watu wenye masanduku, wakiwahi kuondoka London kabla ya saa sita usiku. Kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Uingereza, nyama ya mbuzi ilishanunuliwa, mchele umeshachaguliwa, na wageni wa kutoka Birmingham na Leicester wameshajua nani atalala wapi.

Miaka imepita, lakini ubishi wa siku ile haujaisha. Kila Desemba unafufuka mezani, na uchunguzi wa umma kuhusu korona unaoongozwa na jaji mstaafu Heather Hallett umewarudisha wengi kwenye kumbukumbu walizotaka kuzizika. Je, ilikuwa sawa kupanga kulegeza masharti ili familia zikutane? Msimamo wangu ni kwamba haikuwa sawa, na nitaeleza kwa nini. Hata hivyo waliotaka kulegeza hawakuwa wapumbavu, wala hawakukosa utu.

Tuanze na ahadi yenyewe. Tarehe 24 Novemba 2020 serikali zote 4, yaani za England, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini, zilikubaliana kwamba kuanzia tarehe 23 hadi 27 Desemba nyumba 3 zingeweza kuungana na kuhesabiwa kundi moja. Watu wa kundi hilo wangeweza kula na kulala pamoja, kwenda ibadani, na kusafiri kutoka pembe yoyote ya nchi hadi nyingine. Mkahawani au baa wasingeruhusiwa kwenda pamoja, na ukishachagua kundi lako huwezi kuhamia lingine. Uskoti iliongeza sharti la watu wasiozidi 8, bila kuhesabu watoto wa chini ya miaka 12. England haikuweka idadi yoyote.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Kanuni ilihesabu milango, haikuhesabu watu. Nyumba 3 za wastaafu, mume na mke kila moja, ni watu 6. Nyumba 3 za kwetu, kila moja na baba, mama, watoto wanne, bibi aliyekuja kulea wajukuu na mdogo wake mama anayesoma chuo, ni watu 24. Mbele ya sheria ya England makundi hayo mawili yalikuwa sawa kabisa. Kirusi hakikuwa kikihesabu namna hiyo.

Fikiria sebule ya fleti ya kawaida mchana wa Krismasi. Saa kumi jioni nje kumeshaanza kuwa giza, hita inawaka, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Sinia la pilau liko katikati, kachumbari inapitishwa mkono kwa mkono, watoto wanapanda magotini kwa babu na kushuka. Wajomba wanabishana kuhusu mpira kwa sauti ya kusikika ghorofa ya juu. Baada ya saa moja hivi vioo vinakuwa na ukungu, maji yanaanza kutiririka hadi kwenye fremu. Ule ni mvuke wa sufuria uliochanganyika na pumzi za kila aliyemo chumbani. Maji yanaonekana kwenye kioo, lakini chembe ndogo zinazotoka mtu anapozungumza, kucheka au kuimba hazionekani. Zinaelea hewani muda mrefu na kurundikana pale hewa isipobadilishwa. Ndiyo maana kuonana bustanini kulikuwa na hatari ndogo, na mlo wa muda wa saa nne sebuleni ulikuwa miongoni mwa mazingira mabaya kuliko yote.

Kingine kilichofanya jambo hili liwe gumu ni kwamba mwenye korona huanza kuambukiza siku mbili hivi kabla hajaona dalili. Binamu aliyefika mzima, mwenye furaha, hakuwa na namna ya kujijua. Vipimo vya haraka vya kujipima nyumbani vilikuwa bado havijasambazwa kwa wananchi wote. England ilianza kuvitoa bure kwa kila mtu Aprili 2021. Desemba ile tuliambiwa tujipime tukiumwa, na ukiumwa umeshachelewa.

Hatari hiyo haikuwa sawa kwa jamii zote. Mei 2020 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ilionyesha kwamba kwa England na Wales, ukilinganisha watu wa umri mmoja, mwanamume Mweusi alikuwa na uwezekano wa kufa kwa korona mara 4.2 ya mwanamume Mzungu. Hata baada ya kuzingatia makazi, kipato na hali ya afya, tofauti ilibaki karibu mara mbili. Sababu zake tunazijua kwa kuziishi. Takwimu za makazi za England za miaka ya kabla ya korona zinaonyesha kwamba karibu asilimia 16 ya kaya za Waafrika Weusi zilikuwa na msongamano, dhidi ya asilimia 2 ya kaya za Wazungu Waingereza. Wengi wetu ni wauguzi, wahudumu katika nyumba za wazee, madereva wa mabasi, wasafisha hospitali. Kazi hizo hazifanyiki kwa kompyuta ukiwa kitandani. Mama mmoja wa Tanga ninayemfahamu alikuwa akitoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, anavua nguo mlangoni na kuzitia kwenye mfuko wa plastiki kabla hajawasalimia wanawe. Alifanya hivyo miezi tisa mfululizo. Kumwambia mtu kama huyo kwamba siku 5 za Desemba zimetengwa na serikali, akakae meza moja na mama mkwe wake mwenye kisukari, ni kumpa ruhusa isiyo na kinga yoyote ndani yake.

Wapo waliosema kwamba mwaka mzima watu walikuwa wamenyimwa kila kitu, na maneno yao yana uzito. Mazishi yalifanywa na watu wachache, sisi wengine tukiyafuata kwa simu. Watoto walizaliwa bila bibi kuwaona. Kwa mtu wa Afrika Mashariki Desemba si mwezi tu kama mingine. Wachaga wanaijua barabara ya Moshi mwezi huo, mabasi yamejaa mpaka mlangoni, na Nairobi hubaki wazi kila mtu akielekea mashambani. Ugenini, ambako wazazi wako mbali, shangazi wa London na mjomba wa Reading ndio wanaofanya Krismasi iwe Krismasi. Johnson mwenyewe, siku chache kabla hajageuka, alisema kuifuta sikukuu ile kungekuwa kukosa ubinadamu. Wengine nao walionya kwamba watu watakusanyika hata wakikatazwa, kwa hiyo afadhali wapewe mipaka inayoeleweka.

Lakini hoja ya ubinadamu ingekuwa na nguvu zaidi kama ingetumika kwa wote. Usiku wa tarehe 30 Julai 2020, muda wa saa tatu, Waziri wa Afya Matt Hancock alitangaza kwamba watu wa nyumba mbalimbali katika Greater Manchester, mashariki mwa Lancashire na sehemu za West Yorkshire hawaruhusiwi tena kukutana majumbani. Kesho yake ilikuwa Idi el-Hajj. Chakula kilikuwa jikoni, nguo za watoto zimeshapigwa pasi. Ndugu zetu Waislamu wa huko walitii, na Idi ikapita hivyo. Miezi minne baadaye sikukuu nyingine ilipangiwa siku 5 za ruhusa mapema, kwa makubaliano ya serikali 4. Sitaki kuwagonganisha watu wa dini mbili ambao katika jumuiya yetu huoana, huzikana na hula pamoja. Nasema tu kwamba kama ilikuwa sahihi kuzuia Julai, wakati maambukizi yalikuwa chini sana, ilikuwa vigumu kueleza kwa nini ni sahihi kulegeza Desemba.

Na maonyo hayakukosekana. Novemba, shirika la afya ya umma la England lilisema kwamba kila siku moja ya kulegeza huenda ikahitaji siku 5 za kubana baadaye. Tarehe 15 Desemba majarida mawili makubwa ya tiba na huduma za afya, BMJ na Health Service Journal, yalitoa tahariri ya pamoja yakiitaka serikali iufute mpango huo, jambo ambalo yalikuwa yamelifanya mara moja tu hapo kabla katika historia yao ya zaidi ya miaka 100. Wales ilipunguza nyumba 3 zikawa 2. Ujerumani ilishafunga maduka mengi tangu tarehe 16, ingawa nayo iliacha mlango mdogo kwa ndugu wa karibu tarehe 24 hadi 26.

Ireland ilifungua mapema zaidi. Mikahawa ilianza kupokea wateja mwanzoni mwa Desemba, na kuanzia tarehe 18 familia ziliruhusiwa kutembeleana. Serikali ilianza kubana tena mkesha wa Krismasi, lakini watu walikuwa wameshakutana. Januari 2021 nchi ile, ambayo vuli ilikuwa ikisifiwa kwa kudhibiti ugonjwa, ilikuwa na kasi ya maambukizi ya juu kuliko karibu nchi yoyote duniani. Visa vilivyothibitishwa mwezi huo mmoja vilizidi vya mwaka mzima wa 2020. Aina mpya ya kirusi iliyoanzia Kent, England, ilichangia, ila haikuwa imeenea sana huko wakati wimbi linaanza. Mikutano ya sikukuu ndiyo iliyowasha moto.

Kent ndiko kulikoleta tangazo la tarehe 19 pia. Aina ile, iliyopewa baadaye jina la Alpha, ilikadiriwa kuambukiza hadi asilimia 70 zaidi ya zilizotangulia. Serikali ilisema hali imebadilika, kwa hiyo nayo imebadilika. Sawa, lakini maambukizi yalikuwa yakipanda kabla ya hapo, na kuwaachia watu saa chache za kupanga upya kulileta msongamano uleule wa vituoni uliotakiwa kuepukwa. Uchungu uliongezeka ilipokuja kujulikana kwamba siku moja kabla, tarehe 18, wafanyakazi ndani ya ofisi ya Waziri Mkuu walikuwa na tafrija yao, ambayo baadhi ya waliohudhuria walitozwa faini na polisi baadaye. Mpaka leo ukilitaja jambo hili mbele ya mtu aliyefiwa Januari ile, unaona uso wake unavyobadilika.

Hoja inayonishawishi kuliko zote ni ya kalenda. Mpango wa kulegeza ulipotangazwa, matokeo ya chanjo ya Pfizer na BioNTech yalikuwa yameshatoka na ilijulikana kwamba inafanya kazi. Tarehe 8 Desemba Margaret Keenan, mwenye miaka 90, alichomwa sindano ya kwanza Coventry. Kufikia katikati ya Februari 2021 kila mtu wa miaka 70 na kuendelea, pamoja na wahudumu wa nyumba za wazee, alikuwa ameshaitwa kuchanjwa dozi ya kwanza. Kati ya Krismasi na siku hiyo ni wiki 7 na siku chache. Ongeza wiki 2 au 3 za kinga kujijenga mwilini. Kwa muda huo, bibi aliyekuwa hatarini kuliko wote Desemba angeweza kukumbatiwa Pasaka bila hofu ileile. Kama chanjo ingekuwa ya miaka mitano ijayo, ningesema watu waachwe waonane, maana maisha hayawezi kusimamishwa bila mwisho. Mwisho ulikuwa unaonekana. Tarehe 26 Januari 2021 Uingereza ilivuka vifo 100,000, na wengi wa waliokufa wiki zile walikuwa karibu sana kwenye foleni ya sindano.

Linganisha na Krismasi ya 2021. Aina mpya ya kirusi, Omicron, ilikuwa inaambukiza kuliko Alpha, lakini England haikuzuia familia kukutana. Wazee walikuwa na dozi 3, vipimo vya bure vilikuwa dukani, na watu walijipima asubuhi kabla ya kugonga mlango wa shangazi. Vifo havikukaribia hata kidogo vya mwaka uliotangulia. Kulegeza kule nilikuunga mkono, kwa sababu ileile iliyonifanya nipinge kulegeza kwa 2020.

Kuna jambo moja la Desemba 2020 ambalo ni letu wenyewe, si la serikali. Tangu Juni mwaka ule, sheria ya England ilimruhusu mtu mzima anayeishi peke yake kuungana na nyumba nyingine moja ya kudumu, akahesabiwa mmoja wao. Ruhusa hiyo haikufutwa hata katika ngazi ya 4. Mzee mjane wa London angeweza kwenda kula kwa mwanawe siku ya Krismasi, akalala na kurudi, bila kuvunja chochote. Nawafahamu wazee waliokaa peke yao siku ile wakiamini wanakatazwa, kwa sababu ujumbe uliowafikia kwenye makundi ya WhatsApp ulisema kwa kifupi, marufuku kutoka. Maelezo ya serikali yalikuwa marefu na ya Kiingereza cha kisheria. Misikiti, makanisa na vyama vyetu vina watu wanaoweza kukaa saa moja, wakasoma karatasi kama ile na kurekodi maelezo ya dakika tatu kwa Kiswahili. Kila tawi la jumuiya linapaswa kuwateua watu wawili wa kazi hiyo mwaka huu, wakiwa na orodha ya wazee wanaoishi peke yao na namba zao za simu, na orodha hiyo ipitiwe kabla ya kila Idi na kila Krismasi, ugonjwa uwepo au usiwepo.