Ikhtiari ya Mtoto na Wajibu wa Mwalimu

Tangu Januari 2019, ulipoanza kufundishwa kote nchini Kenya Mtaala wa Umilisi, kuanzia madarasa ya awali hata gredi ya tatu, ili kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliodumu tangu 1985, imeenea fikira miongoni mwa baadhi ya wazazi, na hata miongoni mwa walimu, kwamba mtoto akishapewa nafasi ya kuongoza masomo yake, mwalimu hana budi kukaa kando akanyamaza. Fikira hiyo ina madhara makubwa, na malezi ya wenyeji wa nchi ya majani chai, Kericho na Bomet, yanatosha kuikanusha kabla hatujakwenda kutafuta hoja Roma kwa Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo mwaka 1907.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili wa Marekani, Charles Super na Sara Harkness, walikaa Kokwet, katika nchi ya Wakipsigis, ndio wenyeji hao wa Kericho na Bomet, wakichunguza makuzi ya watoto. Super aliona kwamba watoto wachanga wa hapo hukaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa muda wa yapata mwezi mmoja. Wako waliodhani kuwa hayo ni maumbile tu. Lakini alipowauliza kina mama, na kuitazama kazi yao, ilidhihirika kuwa mambo hayo hufundishwa kwa makusudi: mtoto huchimbiwa kishimo kifupi ardhini, akazungushiwa blanketi, akaketi humo hali ameegemezwa pande zote, na akishapata nguvu hushikwa mikono akafanyizwa hatua. Kutambaa, ambako hakuna aliyejishughulisha kukufundisha, hakukuja mapema hata kidogo. Anayeketi ni mtoto, kwa nguvu za mgongo wake mwenyewe. Lakini yuko mtu mzima aliyejua wakati wake umewadia, akakadiria kina cha shimo, na aliyejua pia siku ya kuliacha lisitumike tena. Mimi sijui maelezo bora zaidi ya kazi ya ualimu.

Wataalamu hao waliona jambo la pili, ambalo ningependa kila mwalimu wa gredi za chini alizingatie. Mtoto wa Kokwet alipoombwa na mtu mzima asimulie upya kisa kifupi alichosomewa, aghalabu alinyamaza, ilhali mtoto huyohuyo alikuwa ameaminiwa nyumbani kulea mdogo wake au kuzuia ng'ombe wasiingie shambani. Na wazazi wenyewe walitofautisha werevu wa nyumbani na werevu wa shuleni. Mwalimu akimwambia mtoto wa namna hiyo, «Haya, jieleze,» kisha akauhesabu ukimya wake kuwa ujinga, amemdhulumu. Ampe kazi mikononi pamoja na wenzake, atazame, naye ataona maarifa yasiyotamkwa.

Natoa mfano ulio karibu. Mtoto aliyefuatana na mamaye hadi kituo cha kununulia majani chai hugusa gunia lililoshindiliwa akashangaa kuwa lina joto, kisha akafika darasani na swali lake: joto limetoka wapi, na jua halikuwaka? Jawabu ni kwamba jani lililochumwa bado li hai na linapumua, na kupumua huko hutoa joto lisilopata njia likibanwa. Mwalimu asiyelijua jambo hili atalizima swali. Anayelijua na akaropoka jawabu papo hapo atakuwa amemnyang'anya mtoto uvumbuzi wake. Mwalimu mwenye hekima atatafuta majani kidogo na vipimajoto viwili, awaache watoto washindilie fungu moja na kulitandaza la pili, wapime asubuhi na mchana, na wabishane kwa lugha wanayochezea, ambayo katika mashamba makubwa, walikochanganyika watoto wa Kipsigis, Kisii, Kijaluo na Kiluhya, mara nyingi ni Kiswahili. Kwa mtazamaji apitaye dirishani, mwalimu huyo hafanyi kitu. Ukweli ni kwamba amefanya kazi ya siku mbili kabla ya kengele kulia, na hata sasa anasikiliza nani amekosea kusoma kipimo, na kama amsahihishe yeye au amwachie mwenzake.

Kazi hiyo haiwezekani katika darasa lililofurika hata mwalimu asiweze kupita baina ya madawati, wala haiwezekani pale ambapo vifaa vyote vimegeuzwa kuwa deni la mzazi, anayetumwa usiku kutafuta manila na rangi kwa ujira wa kuchuma chai. Hayo si makosa ya mtoto kuongoza. Bodi za shule zinazotaka mtaala huu uwe na maana zianze na jambo lililo katika uwezo wao: zitenge katika ratiba saa za maandalizi kwa kila mwalimu, na zisimhesabu kuwa mvivu anapozitumia akiwa peke yake, na mafungu yake mawili ya majani mezani.