Mto Kaya na Barua za 1929

Mvua ikinyesha Vurra, kusini mwa Arua, matone mawili yanaweza kuanguka yakiachana hatua chache tu na yasikutane tena. Moja hushuka magharibi hadi Kibali na Uele, likaingia mto Congo na kuishia Atlantiki. Jingine hushika njia ya mashariki, likafuata Nile mpaka Misri. Mgongo wa ardhi unaoyatenganisha ndio mpaka wa Uganda na Congo hapa, kama Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili, mtawala wa Congo, walivyokubaliana mwaka 1894.

Kwa mwanasheria wa maji, mpaka wa namna hiyo una nafuu: kila upande hubaki na vijito vyake. Wilayani Koboko mambo ni mengine. Hapo mpaka umepita mtoni, Oraba ikiwa upande wa Uganda na mji wa Kaya, Sudan Kusini, ng'ambo ya mto wenye jina hilohilo. Wakakwa wanaishi pande zote mbili. Mama anayejaza dumu lake la njano haulizi maji ni ya nani; serikali ndizo zinazouliza.

Jibu la zamani lilikuwa kali. Tarehe 7 Mei 1929, Uingereza na Misri ziliandikiana barua: katika Sudan na nchi zilizotawaliwa na Waingereza, kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme ambayo ingepunguza au kuchelewesha maji ya Misri isifanyike bila ridhaa ya Cairo. Katazo hilo liligusa Nile, maziwa yake na matawi yake. Neno zito ni "matawi". West Nile, eneo la Arua na Koboko, ilikwisha kuhamishiwa Uganda mwaka 1914, hivyo vijito vyake navyo viliingia humo. Chukua Nyagak, karibu na Paidha, ambako mtambo mdogo wa megawati 3.5 husaidia kuwasha taa za Arua. Mtambo kama huo huazima maji, yakazungusha mashine, kisha yakarudi mtoni. Lakini kwa barua zile, swali la kama Misri imedhurika lisingeamuliwa Paidha.

Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana mita za ujazo bilioni 55.5 na 18.5 kwa mwaka. Uganda haikuwa mezani.

Mwaka 1962 Tanganyika ilitangaza kwamba haifungwi na makubaliano ya mkoloni ya 1929. Uganda na Kenya zikashika msimamo huohuo. Misri hujibu kwamba mkataba wa mto hurithiwa kama mpaka. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana Koboko yenyewe inaishi ndani ya mistari ya 1914. Lakini mpaka humwonyesha kila mtu eneo lake. Barua za 1929 zilimzuia mtu kutumia kilicho ndani ya eneo lake, bila kumuuliza na bila kumpa kitu.

Mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile ulifunguliwa kutiwa saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010, ukaanza kutumika 13 Oktoba 2024 baada ya kuridhiwa na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini. Misri na Sudan zilikataa kutia saini, kwa sababu zilitaka kifungu cha 14(b) kilinde matumizi na haki zao zilizopo tayari.

Kwa Kaya, badiliko ni la karibu sana. Kingo zote mbili sasa ziko chini ya mkataba mmoja. Uganda ikitaka kuzuia maji pale Oraba kwa ajili ya mashamba, inapaswa kutoa taarifa za mpango wake kupitia tume ya mkataba huo, na Sudan Kusini vivyo hivyo.