Kwa Nini Maryland Kila Mtu Anasomea Security+

Mgeni akitua Silver Spring au Laurel na kusema amechoka kubeba maboksi, anataka kuingia kwenye kazi za kompyuta, ushauri wa kwanza atakaopewa ni jina la mtihani: Security+. Hataulizwa anapenda nini. Atapewa na namba ya simu ya mtu anayefundisha darasa la wikiendi. Ndugu zetu wa Minnesota wakitutembelea hushangaa homa hii imetoka wapi. Imetoka Pentagon.

Mwaka 2004 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa agizo namba 8570, na Desemba 2005 ukafuata mwongozo wake. Kila mwenye mamlaka ya kubadilisha mipangilio ya kompyuta za wizara, awe askari, mtumishi wa kiraia au mwajiriwa wa kampuni iliyopata tenda, sasa alidaiwa cheti kinachotambulika. Security+, mtihani ulioanzishwa na chama cha CompTIA mwaka 2002, uliingizwa kwenye orodha kwa ngazi ya pili kati ya tatu, na humo ndimo zilimo kazi nyingi za kawaida. Tena haukudai uzoefu. CISSP, cheti cha wakubwa, kinataka miaka 5 ya kazi. Security+ ulimtaka mtu alipe ada na afaulu.

Lakini kilichobadilisha maisha ya watu huku ni kipengele kidogo ndani ya mwongozo ule. Mtumishi mpya wa serikali alipewa miezi 6 kupata cheti. Mtu wa kampuni ya tenda alitakiwa awe nacho kabla hajagusa kazi. Kampuni iliyoshinda tenda leo na kutakiwa kupeleka watu mwezi ujao haiwezi kumsubiri mtu asome, inamchukua aliye nacho. Na tenda zenyewe zimejazana hapa kwetu: Fort Meade, Maryland, ndiko makao ya shirika la ujasusi la NSA na ya kamandi ya vita vya mitandaoni iliyoundwa mwaka 2010, na Pentagon iko ng'ambo ya mto Potomac, upande wa Virginia. Habari kwamba kuna mtihani wa dakika 90 unaomtoa mtu ghalani ikasambaa makanisani, misikitini na kwenye vikundi vya WhatsApp.

Ambacho vikundi hivyo husahau kusema ni kwamba cheti ni nusu ya ufunguo. Nusu ya pili ni kibali cha kuona siri za serikali, ambacho huku tunakiita klirensi tu, na hicho kwa kawaida hupewa raia wa Marekani peke yake. Aliyeshinda bahati nasibu ya viza akaingia na ukaazi wa kudumu husubiri miaka 5 kabla ya kuomba uraia, au 3 akiwa anaishi na mwenzi aliye raia. Mkenya tangu katiba ya 2010 anaweza kuchukua uraia huo na kubaki Mkenya. Mtanzania mtu mzima hawezi, wala Mkongo wa DRC. Kwa hiyo uamuzi unaoonekana wa ajira unagusa kiwanja chako cha Kibaha, Tanzania, na pasipoti uliyokuja nayo, na nimewaona watu wazima wenye akili zao wakiukwepa mwaka hadi mwaka. Siwalaumu.

Halafu kuna fomu ya kuombea klirensi, SF-86. Inauliza ndugu zako walioko nje, safari zako, mali uliyo nayo ng'ambo, na kama umewahi kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Ni nani kati yetu hajawahi kumtumia mama hela? Jibu ni kuandika yote. Kutuma pesa nyumbani peke yake hakumwangushi mtu. Kuficha ndiko kunakowaangusha wengi. Basi tunza risiti za kutuma pesa na tarehe za safari tangu sasa, hata kama uraia bado uko mbali.

Asiyetaka au asiyeweza njia hiyo ana mlango mwingine, nao hausemwi sana. Mwaka 1992 mojawapo ya makutano ya kwanza makubwa ya intaneti, MAE-East, ilianzishwa kaskazini mwa Virginia. Baadaye ilifanyia kazi zake ndani ya jengo la kuegesha magari. Kampuni zikaifuata, vituo vya data vikaota Ashburn, na Amazon ikaweka huko kituo chake kikongwe cha huduma za mtandaoni. Majengo yale marefu yasiyo na madirisha yanahitaji watu wa kubadilisha diski, kuvuta nyaya na kukesha na seva. Nyingi ya kazi hizo hazidai klirensi wala Security+. Zinadai uijue Linux kidogo, uelewe mtandao unavyopitisha data, na uweze kuinua vitu vizito, jambo ambalo mabingwa wa maboksi hatuhitaji kufundishwa.

Agizo la zamani nalo limeshabadilika. Mwongozo wa agizo jipya, namba 8140, uliotoka mwaka 2023 unakubali pia shahada au mafunzo kwa kazi nyingi, na unataka mtu athibitishwe akiwa kazini kwamba anaiweza kazi yenyewe. Hili ni pigo kwa wanaouza majibu ya mitihani yaliyoibwa, na mimi nalifurahia. Mtu aliyefaulu kwa kukariri herufi hukwama siku ya kwanza anapoambiwa asome kumbukumbu za faiwoli. Mwaka 2025, serikali ilipofuta mikataba mingi, mwenye karatasi tupu hakuwa na pa kuipeleka.

Kuhusu kuridhika na kazi, jambo ambalo watu huliuliza mwisho, niseme hivi: usalama wa mitandao kwa anayeanza ni zamu za usiku, tahadhari mia ambazo karibu zote ni za uongo, na tiketi za kuandika hadi alfajiri. Wanaoifurahia, kwa nilivyoona, mara nyingi ni waliotoka kuuguza wazee. Wamezoea kukesha, wamezoea kuandika chati ambayo mtu wa zamu inayofuata ataitegemea, na wanatambua hali inapobadilika kidogo. Wengine hugundua dawati la msaada ndilo lao, kwa sababu wanapenda kuzungumza na watu, wakapanda kutoka hapo bila kugusa usalama kabisa.

Kabla ya kulipa zaidi ya dola 400 za mtihani, na maelfu mengine kwa mwenye darasa, chukua kompyuta kuukuu, weka Linux, unda mtandao mdogo nyumbani, uuvunje na uutengeneze. Ukijikuta umesahau kula, jisajili. Ukishaitwa kwenye usaili, uliza zamu ikoje, na uliza nani atalipia kukihuisha cheti, maana kinaisha kila baada ya miaka 3.