USITUPE MBACHAO: KUBADILISHA KITU KATIKA ORODHA YA LISP

Wahenga walinena: usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali hii tumeizoea katika insha, lakini leo natuitumie kwenye tarakilishi. Wengi wanaoanza kuandika programu hubadilisha kitu kimoja katika orodha, kumbe wameharibu na orodha nyingine isiyohusika!

Lisp ni lugha ya programu iliyobuniwa na Mmarekani John McCarthy mwaka wa 1958 katika chuo cha MIT. Jina lake latokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kushughulikia orodha. Ni lugha kongwe, lakini hadi leo ingali inatumika.

Orodha ya Lisp ni kama garimoshi. Kila behewa limebeba mzigo mmoja, na nyuma yake pana kulabu inayoshika behewa linalofuata. Mzigo huitwa car, kulabu huitwa cdr. Kulabu ya behewa la mwisho haishiki kitu, na hapo Lisp husema nil.

Sasa tutazame mji wetu wa Voi, ambao ni njia panda. Basi litokalo Nairobi hupitia Mtito Andei kabla ya kufika hapa, na litokalo Mombasa hupitia Maungu. Yakishafika Voi, barabara ya kwenda Taveta ni moja tu. Tuandike hivyo:

(setq njia (list 'voi 'mwatate 'maktau 'taveta))
(setq kutoka-nairobi (cons 'mtito-andei njia))
(setq kutoka-mombasa (cons 'maungu njia))

Amri ya cons huongeza behewa moja mbele. Zingatia kwamba hakuna nakala iliyofanywa. Yale mabehewa manne ya kuanzia Voi ni yale yale: orodha mbili, mkia mmoja.

Tuseme basi la Mombasa limeamua kusimama Bura badala ya Maktau. Njia ya kwanza ni hii:

(setf (nth 3 kutoka-mombasa) 'bura)

Lisp huanza kuhesabu kwa sifuri, kwa hivyo 3 ni behewa la nne, yaani Maktau. Mzigo wa zamani umeshushwa, mpya umepakiwa. Kazi imekwisha, sivyo? Hebu iulize tarakilishi kuhusu kutoka-nairobi:

(MTITO-ANDEI VOI MWATATE BURA TAVETA)

Jameni! Basi la Nairobi halikubadilisha kituo chochote, lakini abiria wa Maktau akisoma orodha hii ataona ameachwa. Na tarakilishi haikulalamika hata kidogo. Kosa la kimya ndilo baya zaidi, maana hakuna anayelitafuta.

Njia ya pili ni kuunda orodha mpya. Turudishe kwanza orodha zetu kama zilivyokuwa, kisha tuandike:

(setq kutoka-mombasa
  (substitute 'bura 'maktau kutoka-mombasa))

Kipya hutajwa kwanza, halafu cha zamani, kisha orodha yenyewe. Safari hii kutoka-nairobi inabaki na Maktau yake. Substitute haigusi orodha ya zamani, bali hurudisha nyingine. Ndiyo maana tumeweka setq mwanzoni. Ukiiacha, jibu litaonekana kwenye kioo halafu lipotee, na utabaki ukishangaa mbona orodha haijabadilika.

Yuko na ndugu yake, nsubstitute, mwenye herufi n mbele. Huyu ana ruhusa ya kubomoa orodha ya zamani ili aokoe nafasi katika kumbukumbu. Mtumie tu pale unapojua kwa hakika kwamba hakuna mwingine anayeihitaji.

Bado jambo moja. Ukiandika majina ndani ya alama za mtajo, kama "Maktau", substitute huenda isibadilishe kitu. Kwa kawaida hulinganisha kwa eql, ambayo huuliza: je, hiki ndicho kile kile? Maneno mawili yaliyoandikwa sawa yaweza kuwa vitu viwili tofauti, kama vile pacha wafananavyo na bado wasiwe mtu mmoja. Iambie itumie equal, ambayo hutazama kufanana:

(substitute "Bura" "Maktau" vituo :test #'equal)

Je, setf ni mbaya? La hasha. Orodha ikiwa yako peke yako, ni ya haraka na haina neno. Ubaya ni kuitumia kwa mali ya shirika kana kwamba ni yako.

Nikikunja jamvi, mwenzangu, kabla hujabadilisha kitu katika orodha jiulize: ni nani mwingine ameushika mkia huu? Usipokuwa na jibu, unda mpya na uuache mbacha wa wenyewe ulipo.